Daftari Kwanza, Mfumo Baadaye: Nani Anazipanga Taarifa za Mlima Wetu?

Barua rasmi inayotoka katika ofisi ya umma nchini Tanzania hubeba juu yake maneno yaliyozoeleka mno hata msomaji huyapita bila kuyaona: “Unapojibu tafadhali taja”, na kando yake “Kumb. Na.” ikifuatwa na herufi, mikwaju na tarakimu. Maneno hayo ni ahadi. Yanamwambia mwananchi kwamba shauri lake lina makao. Kwamba limo katika jalada fulani, ndani ya masjala fulani, na kwamba akiitaja namba hiyo ofisi itamkumbuka hata kama afisa aliyemwandikia amehamishwa, amestaafu au amefariki dunia. Dola ya kisasa, kwa sehemu kubwa, ni ahadi ya namna hiyo: kwamba kumbukumbu haifi pamoja na mtu.

Siku hizi ahadi hiyo inahamishwa kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kompyuta. Halmashauri, hospitali, vyuo, mamlaka za maji na vyama vya ushirika vyote vinazungumzia “mfumo”. Mfumo umekuja, mfumo haujafunguka, mfumo umekataa jina lako. Neno hilo limekuwa kama neno mvua: linatajwa kana kwamba ni kitu kinachotoka juu, kisicho na mtu aliyekiamua. Katika makala haya ninakusudia kusema kinyume cha hayo. Kila mfumo una uamuzi ndani yake, na uamuzi mkubwa kuliko yote haumo katika mashine. Umo katika mpangilio wa taarifa: ni vitu gani vinaandikwa, vinaitwaje, vinawekwa fungu gani, vinaunganishwaje, na nani anaweza kuvipata. Wataalamu huuita usanifu wa taarifa. Hoja yangu ni kwamba asasi zetu zinanunua mifumo kabla ya kuifanya kazi hiyo ya usanifu. Na kwa kuwa kupanga taarifa ni kuamua nani anahesabiwa na kwa jina gani, kuiacha kazi hiyo kwa mzabuni ni kumkabidhi fundi mamlaka ambayo ni ya wanachama na wananchi.

Nitatumia mfano wa Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, kwa sababu mbili. Ya kwanza, hapa ndipo ushirika wa wakulima Waafrika ulipopata mizizi mapema nchini mwetu. Ya pili, watu wa mlima huu walijua kupanga taarifa muda mrefu kabla ya umeme kufika.

Kahawa ni zao la kumbukumbu

Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters’ Association. Mwaka 1933, baada ya sheria ya ushirika ya 1932, mahali pake pakachukuliwa na chama kikuu cha KNCU, ambacho kilikusanya vyama vya msingi vya Machame, Kibosho, Uru, Marangu, Rombo na kwingineko. Historia ya KNCU huelezwa zaidi kama historia ya uchumi na siasa, na ni sawa. Lakini ni historia ya daftari pia.

Tazama njia ya gunia moja. Mkulima huvuna, humenya, huosha na kukausha, kisha hupeleka kahawa ya maganda katika ghala la chama cha msingi. Karani hupima, huandika kilo, hutoa stakabadhi. Mkulima hupata malipo ya awali. Kahawa yake humwagwa pamoja na ya wenzake, hushushwa Moshi kukobolewa, hupangwa kwa madaraja kama AA, A, B na PB, kisha huuzwa, kwa kawaida kupitia mnada. Bei ikishajulikana na gharama kukatwa, ndipo malipo ya nyongeza yanaporudi mlimani. Kati ya mizani na nyongeza hupita miezi mingi. Katika kipindi chote hicho mkulima hana kahawa, wala hana fedha yake yote. Alicho nacho ni kipande cha karatasi, na imani kwamba mahali fulani jina lake limeandikwa sawasawa.

Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya ushirika na biashara ya kawaida. Mnunuzi wa fedha taslimu hahitaji kumbukumbu: anatoa noti, anachukua gunia, wanaagana. Chama cha ushirika kinaishi kwa kumbukumbu. Kikisahau ni nani alileta kilo ngapi, katika msimu upi, kwa ubora gani, kimeacha kuwa chama hata kama jengo na mhuri vipo. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katika miaka ya 1990, wakulima wengi walivutiwa na fedha ya mkononi. Wapo waliosema kwamba mkulima hana uzalendo kwa chama chake. Mimi ninauliza swali jingine: ni mara ngapi chama kilimpa mkulima sababu ya kuamini kwamba kinamkumbuka?

Kabla ya kahawa kulikuwa na maji. Mifongo, ile mifereji iliyochimbwa na koo mbalimbali kuyatoa maji mitoni na kuyapitisha kwenye vihamba, ilihitaji mpango mkali wa taarifa. Ni nani wa ukoo uliochimba? Ni nani alishiriki kuzibua mfereji msimu huu? Zamu ya nani inaanza alfajiri na ya nani jioni? Hayo hayakuandikwa, lakini yalikuwa na mafungu, majina, utaratibu wa kusahihisha na watu wenye dhamana ya kukumbuka. Aliyedhulumiwa zamu yake alijua aende kwa nani, na ushahidi ulitolewa mbele ya majirani. Sisemi kwamba utaratibu huo ulikuwa wa haki kwa kila mtu. Wanawake na wageni walikuwa na nafasi ndogo. Ninasema kwamba ulieleweka na wale uliowahusu. Ni sifa ambayo mifumo mingi ya leo haina.

Chama kinapovunjwa, kumbukumbu huenda wapi?

Mwaka 1976 una mambo mawili yasiyojuana. Huko Marekani msanifu majengo Richard Saul Wurman aliwaalika wenzake katika mkutano wao wa kitaifa wafikirie usanifu wa taarifa, akidai kwamba taarifa, kama nyumba, inahitaji mtu wa kuichorea milango na njia. Mwaka huohuo, mwezi Mei, serikali yetu ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi zao zikahamishiwa katika mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 iliurudisha ushirika, na KNCU ikafufuliwa mwaka 1984.

Mjadala wa uamuzi ule wa 1976 kwa kawaida huhusu mali: maghala, magari, majengo, madeni. Wanafunzi wangu hushangaa ninapowataka wafikirie pia madaftari. Asasi inapovunjwa na nyingine kuchukua mahali pake, mafungu ya taarifa hubadilika. Mwanachama anakuwa mzalishaji. Chama cha msingi kinageuka kituo cha ununuzi. Kilichokuwa hisa kinakuwa takwimu. Asasi ya zamani inapofufuliwa baada ya miaka minane haiwezi kufungua tu daftari pale ilipoishia, kwa kuwa daftari jipya liliulizwa maswali mengine. Mtu anayetaka kuthibitisha kwamba babake alikuwa mwanachama na si muuzaji tu anatafuta jibu la swali ambalo kwa muda halikuulizwa.

Nimelitaja jambo hili kwa sababu kuhamia katika mfumo wa kompyuta ni tukio la aina hiyohiyo. Hakuna amri ya serikali, hakuna hotuba, lakini daftari la zamani linafungwa na jipya linauliza maswali yake lenyewe. Kisichoulizwa kinapotea kimyakimya.

Maswali matatu ya daftari jipya

Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, imeanzisha mfumo wa kielektroniki wa kusimamia vyama, unaojulikana kwa kifupi kama MUVU. Nia yake ni njema na inahitajika: viongozi waliozoea kuficha hesabu chini ya meza sasa wanatakiwa kuziweka mahali zinapoonekana. Sina ugomvi na nia hiyo. Swali langu linahusu kinachotokea kijijini kabla tarakimu haijafika kwenye skrini. Nina maswali matatu ambayo mfumo wowote wa wakulima wa mlima huu lazima uyajibu, uwe wa Tume, wa halmashauri, wa benki au wa mnunuzi wa ng’ambo.

Swali la kwanza: shamba ni nini? Mtu aliyechora fomu akiwa Dodoma au Dar es Salaam huandika “Ukubwa wa shamba” akiamini ameuliza jambo dogo. Kwa mkulima wa Kibosho au Mwika neno hilo lina mtego. Juu, penye migomba na kahawa na nyumba na makaburi ya wazee, ni kihamba. Shamba ni kule chini tambarare, kunakolimwa mahindi na maharage. Wawili wanaojibu swali moja kwa uaminifu wanaweza kuandika vitu viwili tofauti, na mfumo utavijumlisha bila kusita. Takwimu itakayotoka itakuwa na desimali mbili na haitakuwa na maana hata moja. Tena kihamba chenyewe si kipande cha ardhi tu. Ni urithi uliogawanywa kwa wana, mara nyingi wa kwanza na wa mwisho wakitangulizwa, na mipaka yake ni masale yaliyopandwa na watu ambao leo ni marehemu. Ndugu watatu wanaweza kuvuna kahawa ndani ya kihamba kimoja bila hati hata moja.

Swali hili si la kinadharia. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayotaka kahawa inayoingia katika soko lake ithibitishwe kwamba haikutoka katika ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini sharti lake kuu linabaki: kila kipande kilichotoa kahawa kiwe na mahali pake kwenye ramani. Kwa vipande visivyozidi hekta nne inatosha nukta moja. Vihamba vyetu ni vya ekari chache, hivyo nukta itatosha. Ila nukta hiyo itawekwa kwa jina la nani kati ya wale ndugu watatu? Atakayeandikwa ndiye atakayeonekana Hamburg na Antwerp kuwa ndiye mkulima. Na hapa nyumbani, miaka kumi baadaye, katika shauri la mirathi, upo uwezekano kwamba karatasi iliyochapwa kutoka kwenye mfumo huo italetwa barazani kama ushahidi wa umiliki. Daftari la kahawa litakuwa limegawa ardhi bila mtu yeyote kukusudia.

Swali la pili: mwanachama ni nani? Kwa mazoea ya mlimani kahawa ilihesabiwa kuwa zao la baba, na ndizi zao la mama. Madaftari ya vyama yalirithi mazoea hayo: kaya moja, mwanachama mmoja, na mwanachama huyo ni mwanamume. Mkono uliochuma, uliomenya na uliobeba debe hadi ghalani haukuandikwa. Sheria zetu za ardhi za mwaka 1999, Na. 4 na Na. 5, zinatambua haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Lakini mfumo mpya ukijazwa kwa kunakili daftari la zamani, unakuwa umeichukua mila ya jana na kuipa nguvu ya mashine ya leo. Fikiria mjane ambaye mumewe amefariki kati ya mizani na nyongeza. Zamani angekwenda kwa katibu wa chama anayemfahamu, wakazungumza, jambo likamalizika kwa busara au likaharibika kwa upendeleo. Sasa anaambiwa fedha imekwenda katika akaunti ya marehemu kwa sababu mfumo unamtambua mtu mmoja. Hakuna aliyemdhulumu. Palikosekana tu nafasi ya kuandika jina la pili.

Swali la tatu: jina ni lipi? Mtu mmoja wa mlima huu anaweza kuwa na jina la ubatizo, jina la nyumbani, jina la baba na jina la ukoo. Katika daftari la chama ameandikwa Aloisi, katika kadi ya kliniki Aloyce, katika kitambulisho cha Taifa Alois. Ukoo wake ni Massawe hapa na Masawe pale. Binadamu anayesoma hutambua kwamba ni mtu yuleyule. Mashine hutambua watu watatu. Tunaambiwa dawa yake ni namba ya NIDA, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini tuitazame namba hiyo kwa jicho la msanifu. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Mzee aliyezaliwa mwaka wa njaa fulani, ambaye siku yake ya kuzaliwa ilikadiriwa na afisa ili fomu isibaki wazi, anabeba makadirio hayo ndani ya namba yake maisha yote. Akileta cheti chenye tarehe sahihi, hasahihishi taarifa moja. Anaonekana kuupinga utambulisho wake mwenyewe. Kanuni ya zamani ya watunza kumbukumbu ni kwamba namba ya kutambulisha isibebeshwe maana inayoweza kubadilika. Wapo watakaosema kwamba hata Estonia, nchi inayosifiwa kwa serikali mtandao, hubebesha tarehe ya kuzaliwa katika namba ya raia. Ni kweli. Ila kule mtoto huandikishwa anapozaliwa, wakati vijijini kwetu vizazi vingi vilikua bila cheti. Usanifu ulioazimwa huja na sharti ambalo halikuandikwa kwenye mkataba.

Hoja ya upande wa pili

Wenzangu walio serikalini wana jibu, na linastahili kusikilizwa. Wanasema: nchi isiyo na uwezo mkubwa haiwezi kungoja kila neno lipate fasili ndipo ianze. Tuanze na tulichonacho, makosa tutayarekebisha njiani. Na wanao mfano mzuri wa kuonyesha. Tangu mwaka 2017 malipo ya serikali yamekuwa yakipitia mfumo mmoja, na mwananchi anapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo mtaani inaitwa kontro namba. Leo mama anayelipia maji Moshi mjini, mwanafunzi anayelipia ada na dereva anayelipia faini wote wanaijua. Hakuna semina iliyofanyika kuwafundisha. Imekubalika kwa sababu inajibu swali moja tu, na inalijibu vizuri: hili ni deni gani?

Ninaukubali mfano huo kwa mikono miwili, kwa kuwa unathibitisha hoja yangu. Namba ile ilifanikiwa kwa sababu kabla ya kuandikwa kwa programu kulikuwa na uamuzi ulio wazi kuhusu kitu kinachohesabiwa. Deni lina mdaiwa, mdai, kiasi na mwisho. Kihamba, kaya, uanachama na jina havina uwazi huo. Kuviingiza katika mfumo kwa haraka ileile ni kudhani kwamba jamii ni orodha ya madeni.

Tena, msemo wa “tutarekebisha njiani” una gharama. Jirani zetu wa Kenya walitumia fedha na nguvu nyingi katika Huduma Namba, na mnamo Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikatamka kwamba utoaji wa kadi zake ulikuwa kinyume cha sheria, kwa sababu tathmini ya athari kwa ulinzi wa taarifa za watu haikufanyika kwanza. Mahakama haikusema kwamba kitambulisho kimoja ni wazo baya. Ilisema mlango ulijengwa kabla ya kuulizwa nani atakuwa na ufunguo. Sisi sasa tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayompa mtu haki ya kujua taarifa zake na kudai zisahihishwe. Ni asasi ngapi za mlimani zina mtu, meza na utaratibu wa kumpokea mkulima anayekuja kuidai haki hiyo?

Lipo pia jambo la wafadhili. Mara nyingi hadidu za rejea za mfumo huandikwa na mradi wenye umri wa miaka mitatu, kwa lugha ambayo karani wa chama haizungumzi, kujibu viashiria vinavyotakiwa na ofisi iliyo nje ya nchi. Mradi unakwisha, leseni inakwisha, seva inazimwa. Chama kinabaki na kompyuta yenye vumbi na daftari lililosimama miaka mitatu iliyopita. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao kazi ya kuzuia taasisi za umma kujenga mifumo inayorudufiana. Ni hatua kubwa. Hata hivyo mifumo miwili inaweza kuunganishwa kwa nyaya na bado isielewane, ikiwa mmoja unahesabu kaya na mwingine unahesabu watu.

Wataalamu tuliowasahau

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba ujuzi tunaouhitaji upo, tena umekaa vyumba vichache kutoka kwa mkurugenzi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ilifanya mageuzi ya masjala zake, na mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka. Watunza kumbukumbu walifundishwa kupanga majalada kwa maneno yaliyokubaliwa, kutengeneza faharisi, kufuatilia jalada limetoka kwa nani na limekwenda kwa nani, kuamua kipi kitunzwe daima na kipi kiteketezwe baada ya muda gani. Hiyo ndiyo kazi ya usanifu wa taarifa, ila inafanywa na mtu mwenye mshahara mdogo katika chumba chenye dirisha dogo. Mfumo mpya unapoletwa, anayeitwa kwenye kikao ni mtaalamu wa kompyuta, mhasibu na afisa ununuzi. Mtunza kumbukumbu huitwa mwishoni, apewe nenosiri.

Katika vyama vya msingi mtu wa aina hiyo ni karani wa mizani. Yeye anajua kwamba watu wawili wenye jina moja hutofautishwa kwa jina la kitongoji. Kwamba familia fulani huleta kahawa kwa jina la babu aliyekwisha kufariki. Kwamba mwanamke fulani ndiye mkulima ingawa kadi ni ya shemeji yake. Elimu hiyo imo kichwani mwake, na akiondoka inaondoka. Kazi ya kwanza ya usanifu ni kuketi naye kwa wiki kadhaa na kuandika anachokijua.

Nini kifanyike

Sipendi makala yanayomaliza kwa kulalamika. Kwa hiyo napendekeza mambo matano, yote yakiwa ndani ya uwezo wa chama cha msingi, idara ya halmashauri au ofisi ya kata, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo.

La kwanza, kabla ya zabuni yoyote iandikwe kamusi ndogo ya asasi, kwa Kiswahili, yenye kurasa chache: shamba ni nini, kihamba ni nini, kaya ni nini, mwanachama ni nani, msimu unaanza lini. Isomwe na kupitishwa katika mkutano mkuu kama inavyopitishwa bajeti. Fasili ni sera.

La pili, daftari la wanachama lisomwe hadharani kabla ya kuhamishiwa kwenye mfumo. Kila mtu asikie jina lake, alisahihishe, na mume na mke waulizwe nani aandikwe, kwa nafasi ya majina mawili. Mkutano utachukua siku nzima na utakuwa na kelele. Kelele hizo ni nafuu kuliko kesi za mirathi.

La tatu, mkataba wowote wa mfumo useme wazi kwamba taarifa ni mali ya asasi, na kwamba mkataba ukifika mwisho zitarudishwa zote katika hali inayoweza kufunguliwa na programu nyingine yoyote. Mzabuni anayekataa kifungu hicho ametuonyesha anachokiuza.

La nne, pawepo mlango wa binadamu. Kila mfumo uwe na mtu mwenye jina na ofisi, anayeweza kupokea pingamizi, kuliandika, kutoa namba ya kumbukumbu na kulijibu ndani ya muda uliotangazwa. Mashine isipewe neno la mwisho kuhusu mtu ni nani.

La tano ni kwa wanafunzi, hasa wale wa Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi, kilichoanza kama chuo cha ushirika mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu mwaka 2014. Tasnifu nyingi huandikwa kuhusu “changamoto za vyama vya ushirika” kwa dodoso la maswali ishirini. Badala yake, chagueni chama kimoja, fungueni madaftari yake, fuateni gunia moja kutoka mizanini hadi kwenye nyongeza, mkiandika kila mahali jina la mkulima lilipobadilika, lilipopotea na lilipopatikana. Utafiti wa namna hiyo utamfaa mrajis, utamfaa mkulima, na utawafundisha ninyi jambo ambalo sisi walimu wenu hatukufundishwa.

Kwa watumishi wa umma nina ombi la ziada. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imewapa wananchi haki ya kuja kuwauliza. Haki hiyo haina thamani ikiwa jibu la kweli ni kwamba jalada halionekani, au kwamba mfumo haukuiandika habari hiyo tangu mwanzo. Mnapoketi kupitia fomu mpya na kuona kisanduku kimoja tu cha jina la mwenye kaya, ulizeni kwa nini ni kimoja, na maelezo mtakayopewa yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Msimu ujao wa kahawa mama wa Uru atafika ghalani na debe lake kichwani. Kisanduku hicho ndicho kitakachoamua kama stakabadhi itatoka kwa jina lake.